Fundo Kwenye Tangi la Lori

Ninyi vijana wa gereji ya hapo njia panda, mkiniona nimesimama mlangoni kwenu na mkongojo wangu, msifikiri nimefuata chai. Chai ninayo nyumbani. Mimi nikisikia injini inalalamika, miguu hunisimama yenyewe. Mke wangu amekwisha kata tamaa ya kunituma chumvi, maana naondoka asubuhi narudi mchana, mikono mitupu, nikiwa na habari za kabureta ya mtu nisiyemjua.

Juzi niliwaona na lile gari la mwalimu, gari lililozeeka hata rangi yake ya kwanza hakuna anayeikumbuka. Mwalimu anasema halivuti. Anakanyaga mafuta, linanguruma, linabaki palepale kama ng'ombe aliyegoma kuvuka mto. Mkachomeka kompyuta yenu, kompyuta ikanyamaza. Basi yule mrefu mwenye kofia ya kijani akasema, "Injini imekufa, tuishushe." Nilitamani kumchapa mkongojo! Gari kuukuu likikosa nguvu kila mtu hukimbilia kusema ni uzee. Mimi nina miaka themanini na ushee, na asubuhi nikikosa nguvu, mara nyingi ni kwamba sijanywa uji.

Kaeni hapo kwenye tairi niwaambie habari za lori la Ta Rwegasira wa Kamachumu. Wale mliotoka mbali, mjue kwamba kwetu mwanamume mzima tunamwita Ta, ni kama kusema baba. Tukitaka kumheshimu mtu zaidi tunaongeza "waitu". Mambo yenyewe yalikuwa wakati wa Mwingereza, baada ya ile vita kubwa, kahawa ilipopanda bei na kila mwenye mibuni yenye afya akataka bati juu ya nyumba yake na, Mungu akimjalia, lori.

Nilikuwa fundi kwenye gereji moja ya Bukoba, chini huko karibu na ziwa. Mkubwa wetu alikuwa Lubega, Mganda mnene mwenye sauti nyembamba, aliyejifunza kazi jeshini akitengeneza malori kwenye misitu ya Burma. Lubega alikuwa na kawaida moja iliyonikera sana mwanzoni. Gari likiingia, haendi kwenye boneti. Anakwenda kwa dereva, anamsalimia kwa kirefu, anamuuliza habari za watoto na migomba, kisha ndipo anauliza, "Ugonjwa ulianza lini? Na siku chache kabla yake, ni kitu gani kilibadilika?" Mimi nimesimama na spana mkononi, moyo unanichemka. Nilidhani anapoteza wakati.

Nilikoma kudhani hivyo siku ya gari la karani mmoja wa Kagondo. Gari zuri, halivuti hata kidogo. Nilifungua kabureta, nikaisafisha, nikaifunga. Nikaifungua tena, nikaisafisha tena, mpaka ikang'aa kama kikombe cha arusi. Wapi! Lubega akaja, akamuuliza karani lile swali lake, karani akasema gari lilikuwa limekaa tu nyumbani majira yote ya mvua. Lubega akazunguka nyuma, akaweka kiganja kwenye mdomo wa eksozi. "Kamugisha," akaniita, "huyu anavuta pumzi lakini haitoi." Nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo ndani ya bomba! Tulichokoa kwa waya, gari likanguruma, nyigu wawili waliobaki wakanifuata mimi, si Lubega. Nilivimba jicho na gereji nzima ilinicheka hadi Jumapili.

Basi, kabureta muiache kwanza. Gari ni kama mtu: linataka chakula, yaani mafuta, linataka hewa ya kuingia na njia ya kutoa moshi, na linataka cheche ya moto kwa wakati wake. Halafu muulize kama kuna kitu kinalishika. Ukitoka kuliendesha gusa magurudumu, likiwa moja la moto kuliko wenzake, breki imekwama. Ukikanyaga mafuta na injini ikapiga kelele huku gari haliongezi mwendo, na unasikia harufu kama ya kwato zinaungua, hiyo ni klachi inateleza. Hayo yote unayajua kwa mkono, sikio na pua, kabla hujachafua spana moja.

Siku Ta Rwegasira alipofika gereji, alifika kwa hasira. Alikuwa mtu mrefu, mzee wa kanisa la Kilutheri, koti na tai hata kwenye vumbi. Hakungoja kuulizwa habari za migomba.

"Fundi, lori langu linanyweshwa mafuta ya taa!"

Lubega akasema, "Karibu, mzee. Habari za Kamachumu?"

"Mbaya. Dereva wangu ananyonya petroli yangu anauza njiani, halafu anajaza mafuta ya taa. Na mafuta ya taa yenyewe ni ya dukani kwangu! Namlipa mtu aniibie mara mbili! Linashuka na kahawa vizuri, lakini likirudi, kwenye mlima linakufa."

Dereva alikuwa amesimama kando ya lori, kofia mkononi. Jina lake Mutalemwa, kijana Mkatoliki wa Kagoma, mwembamba, mwenye macho ya kusikiliza. Nilimfahamu kidogo, alikuwa dereva anayebadili gia bila ya kulifanya lori lilie, na watu wa namna hiyo ni wachache. Nguo zake zilinuka mafuta ya taa, ni kweli. Lakini kila aliyepanda lori lile alinuka hivyo, maana lilibeba madebe ya mafuta ya taa ya duka, na debe gani lisilovuja?

Mutalemwa alisema, "Sikuiba, waitu. Sina zaidi ya hilo."

"Utakuwa nalo zaidi mbele ya mkungu," Ta Rwegasira akamjibu. Mkungu ndiye mkuu wa kijiji aliyeketi kuamua mambo ya watu. "Fundi akisema ni mafuta ya taa, kesho uko barazani."

Baadaye, tukiwa chini ya lori wawili sisi, Mutalemwa aliniambia lililokuwa linamuumiza. Alikuwa amechumbia msichana hapo Kamachumu. Baba wa msichana alikuwa amepokea posa, kisha maneno ya petroli yakamfikia. Hakukataa, hakukubali. Alisema tu, "Nitangoja nisikie lori litasema nini kwa mafundi." Nilimwonea huruma, nasema kweli. Mtu kuoa au kutooa kwa sababu ya kabureta!

Lakini kwanza Lubega aliuliza swali lake. "Ugonjwa ulianza lini, mzee? Na ni kitu gani kilibadilika?"

"Kilichobadilika ni uaminifu wa dereva," akajibu Ta Rwegasira. Basi hapo swali likafia.

Tukaanza kazi. Lori lilikuwa zee, limetumikia mabwana wengine kabla yake, na saa ya maili ilikuwa imekwisha simama zamani. Nikalizungusha kwa hendeli pole pole kusikia ubavu wa kila silinda. Ringi za pistoni zilikuwa zimelika, hilo halikuwa siri, lakini kila silinda ilinirudishia mkono kwa nguvu ya kutosha. Eksozi ilipumua. Magurudumu yalizunguka huru. Tukaja kwenye kosa lenyewe alilolitaja mzee.

Nataka mjifunze kipimo hiki, hakihitaji umeme. Chini ya pampu ya mafuta palikuwa na kikombe cha kioo ambamo petroli hupita na kuacha uchafu wake. Nilikifungua, nikadondosha tone kwenye kipande cha karatasi kavu, nikalipungia hewa. Petroli safi hukauka haraka na karatasi hubaki kama ilivyokuwa. Ikichanganywa na mafuta ya taa, inaacha doa la ung'avu, kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Karatasi yangu ikakauka, safi kabisa. Nikampa Ta Rwegasira aiguse.

Akaigeuza huku na huku. "Leo alijua anakuja kwenu," akasema.

Nikafungua plagi, na hapo ndipo udadisi ulinishika shingoni. Plagi za gari linalokula vizuri zina rangi ya hudhurungi, kama punje ya kahawa iliyoanza tu kukaangwa. Likila kupita kiasi zinakuwa nyeusi, zenye masizi. Hizi zilikuwa nyeupe! Nikamwonyesha Lubega. "Hili lori lina njaa," nikamwambia. Tukasafisha matundu ya kabureta, tukapuliza bomba la mafuta, pampu tukaifungua tukaona ni nzima. Tukaliwasha, nikakanyaga, likaitika kama kijana. Njaa ilikuwa wapi?

Nikalizunguka. Ndivyo nilivyo, nikishindwa kitu nakizunguka. Tangi lilikuwa ubavuni, chini ya kibini, na mdomo wake haukuwa na kofia ya chuma. Ulikuwa umezibwa kwa kizibo cha majani ya mgomba yaliyokunjwa yakashindiliwa, ukingoni pamepakwa sabuni ya mche, na juu pamefungwa kamba ya mgomba kwa fundo ambalo sijapata kuliona. Fundo linaingia chini ya lenyewe, linatoka, linajirudia, hujui mwanzo wake. Nikainama nilitazame vizuri.

"Usiguse!" Ta Rwegasira alinifokea mpaka spana ikanidondoka.

Kofia ya chuma, akaeleza, ilikuwa imedondoka njiani na Mutalemwa hakuiona tena. Mdogo wake mzee akamnong'oneza kwamba kofia ya tangi haidondoki yenyewe, inadondoshwa na mwenye mrija. Tangu hapo Ta Rwegasira akawa anajaza tangi mwenyewe nyumbani kutoka kwenye madebe yake, anaziba, anafunga. Lori linakwenda Bukoba na kahawa, linarudi na bidhaa, na jioni analikagua fundo kabla hajalikagua lori.

Hapo nikaelewa alikotoa ujanja. Ukimtumia mkweo lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, unaziba kibuyu kwa jani la mgomba na kukifunga kwa fundo lako. Njia ni ndefu, jua ni kali, na mbebaji naye ana koo. Wakwe wakipokea, hulitazama fundo kabla ya kumsalimia mbebaji. Na mamaye Ta Rwegasira alikuwa na sifa kote Kamachumu: hakuna mbebaji aliyewahi kufungua fundo lake akaweza kulirudisha. Mtoto akaokoka, akaacha lubisi, akawa mzee wa kanisa, lakini fundo la mama hakuliacha.

Nikamuuliza, "Waitu, kama fundo halifunguki, yeye anaibaje?"

"Ndilo ninalotaka kujua," akasema. "Pengine kalijifunza."

Lubega alikuwa anajikuna kidevu. Akasema lori hili halitatuambia kitu likiwa limesimama kwenye sakafu ya saruji. Mgonjwa wa mlima umpime mlimani. Tukapakia chumvi, mabati na madebe ya mafuta ya taa, mzigo wake wa kawaida, tukaondoka sote wanne: Mutalemwa kwenye usukani, Ta Rwegasira katikati, Lubega mlangoni, na mimi nyuma juu ya chumvi.

Lo, lilivyokwenda! Mpaka Kemondo nilianza kuona haya. Likachanganya vizuri kwenye tambarare, likapanda vilima vidogo bila kunung'unika. Tukapita Muhutwe. Pale ndipo barabara inapoanza kukwea kwenda Kamachumu, na nyinyi mnaojua lami hamjui mlima ule ulikuwaje: vumbi jekundu, mawe, kona juu ya kona. Lubega akapiga bodi kwa ngumi, lori likasimama. Akaniambia nihamie mbele. Nikafungua upande mmoja wa boneti, nikaufunga kwa kamba, nikakaa juu ya madigadi, mkono mmoja nimeshika taa, macho kwenye kile kikombe cha kioo cha pampu. Msiige. Siku hizi polisi wangenikamata, na haki yao.

Mwanzoni kikombe kilikuwa kimejaa, petroli inatetemeka ndani. Tukapanda. Mutalemwa akarudisha gia. Nikaona petroli inashuka kwenye kioo, kidogo, halafu kidogo tena. Mwanga ukapenya pale palipokuwa na rangi. Lori likakohoa. Mutalemwa akakanyaga, likazidi kukohoa, likatoa mlio mmoja wa huzuni na kufa. Kikombe kilikuwa kitupu, mapovu mawili matatu yamebaki chini.

"Tupu!" nikapiga kelele. Ilikuwa ni furaha ya kujua, jamani, mtu wa kazi yetu akiona kitu kwa macho yake hawezi kujizuia. Sikufikiri nasema mbele ya nani.

Ta Rwegasira alikwisha shuka. "Mmesikia? Tupu! Fundi mwenyewe amesema. Nimejaza tangi asubuhi ya leo kwa mikono yangu, na sasa ni tupu!" Kwa sauti ile watu wakaanza kutoka migombani, wanawake na mapanga ya kuvunia, wazee, watoto. "Njooni muone! Njooni mmuone anayekula petroli yangu!"

Nilitaka kusema kilichokuwa tupu ni kikombe, tangi hatujaliona. Lakini ghadhabu ya mzee haikuwa na mlango wa kuingilia. Mutalemwa akashuka pole pole, uso umempauka kwa vumbi, akasimama kando ya tangi.

"Ta," akasema, "fungua fundo."

"Nitalifungua mbele ya mkungu."

"Fungua hapa. Watu wapo."

"Litazame kwanza, mzee," Lubega akaingilia kwa ile sauti yake nyembamba. "Ni lako?"

Ta Rwegasira akachuchumaa. Alilikagua kwa kidole, akalifuata linavyoingia na kutoka, akalinusa hata sabuni. "Ni langu," akasema mwishowe, na alisema kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Akalifungua. Akashika kizibo, akavuta. Kizibo hakikuja! Akakaza mguu kwenye gurudumu, akavuta kwa mikono miwili, na kizibo kikachomoka kwa mlio ambao nikifumba macho hadi leo nausikia: fyuuuu! Mrefu, wa kuingia ndani, si wa kutoka. Vumbi lililokuwa ukingoni likamezwa na tangi. Kina mama walirudi nyuma. Mmoja akasema, "Mawe!" yaani mama wee, "Lina roho!"

Nami nikaanza kucheka, peke yangu, kama mwendawazimu. Lubega akanitazama, akaelewa, akaanza kucheka naye, tumbo linamruka. Ta Rwegasira akadhani tunamdhihaki. Nikakata kijiti, nikakitumbukiza tangini, nikakitoa. Kilikuwa kimelowa kupita nusu. Nikampa akinuse. Petroli, tena nyingi, ya kufika Kamachumu na kwenda tena Bukoba.

"Haijaibwa," nikamwambia. "Ilishindwa kutoka."

Lubega ndiye aliyemweleza, kwa adabu, maana mimi ningecheka tena. "Mzee, umepata kutoboa kopo la maziwa tundu moja tu? Unaliinamisha, maziwa hayaji. Ukitoboa tundu la pili, hewa inaingia, yanatiririka. Kofia ya chuma iliyopotea ilikuwa na katundu kadogo kwa kazi hiyo. Kizibo chako hakina. Kila tone linalotoka linaacha nafasi, na nafasi haipati hewa. Mpaka Bukoba unashuka, lori halinywi sana. Ukirudi, hapa mlimani, pampu inavuta na tangi nalo linavuta. Likipumzika kidogo, hewa inajipenyeza taratibu, linakwenda hatua chache, linakufa tena. Ndivyo, dereva?"

"Ndivyo," akasema Mutalemwa. "Kila safari."

Nilibonyeza ule mkono mdogo wa pampu. Kikombe cha kioo kikajaa mara moja, rangi yake nzuri imerudi. Watoto walijazana kutazama.

Ta Rwegasira alikuwa bado ameshika kizibo. Nilimwona anafikiri, na nilipenda kumwona, kwa sababu mtu mwenye hasira akianza kufikiri ni jambo la ajabu. Aliniuliza mimi, si Lubega. "Kamugisha. Mtu akilifungua fundo hili njiani, akachota petroli, akalifunga tena. Lori lingefanyaje?"

"Hewa ingeingia, waitu. Lingepanda mlima bila shida."

"Hata akilifungua mara moja tu?"

"Mara moja ingetosha kulifikisha nyumbani."

"Na kila safari limekufa hapa."

"Ndiyo hivyo."

Jambo lenyewe lilikuwa limekwisha jisema. Mutalemwa angekuwa mwizi, lori lingekuwa zima. Kila siku aliyosimama juani kwenye mlima ule akitukanwa na wapita njia, mabati yanaungua nyuma yake, ilikuwa ni siku ambayo hakugusa mali ya mtu. Niliona aibu kwa niaba ya kila mmoja aliyewahi kumtazama vibaya, na mimi nikiwemo kwa lile neno langu la "tupu".

Lubega akakitoboa kizibo kwa msumari mrefu, akakirudisha mdomoni mwa tangi bila kukifunga. Ta Rwegasira aliikunja ile kamba ya mgomba akaitia mfukoni mwa koti. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Hakurudi kwenye kiti. Mwenye lori, mzee wa kanisa, akakwea nyuma na koti lake na tai yake, akaketi juu ya magunia ya chumvi. Mimi nikapewa nafasi yake mbele. Mutalemwa akatia gia, akakanyaga, na lori likapanda kona zote mpaka juu. Halikukohoa hata mara moja. Nilimtazama dereva kwa pembe ya jicho. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Kamachumu ilikuwa siku ya gulio. Lori liliposimama mbele ya duka watu walikusanyika, maana habari za baraza la kesho zilikwisha enea, na wengine walishangaa kumwona mwenye mali anashuka nyuma kama gunia. Baba wa yule msichana alikuwepo pia, amesimama kizingitini na fimbo yake. Ta Rwegasira hakujifuta hata vumbi.

"Mlikuwa mnangoja kusikia lori limesema nini," akasema kwa sauti ya kusomea neno kanisani. "Limesema hivi. Mutalemwa hajaiba kitu. Aliyeliibia lori ni mimi. Nimeliibia pumzi kwa kizibo changu, halafu nikamtukana huyu kijana kwa kuwa halipumui." Akamgeukia. "Nisamehe, waitu."

Wahaya waliokuwepo walishtuka, kwa sababu waitu anaambiwa mkubwa. Mzee kumwambia kijana wake wa kazi mbele ya gulio lote! Baba wa msichana akaishusha fimbo, akavuka watu, akampa Mutalemwa mkono. Hakusema zaidi ya salamu, lakini salamu ile ilikuwa ya mkwe.

Mngedhani mambo yameisha hapo. Mimi nilidhani hivyo, nikaanza kuuliza habari za chakula. Lakini Mutalemwa alikuwa amesimama kando ya tangi.

"Ta, hujafunga," akasema.

"Hakuna haja tena."

"Ipo. Kizibo kina tundu sasa, lori litapanda kila siku. Kesho petroli ikipungua kwa kuvuja, nani atanisemea? Funga."

Ta Rwegasira akatoa kamba mfukoni. Akainama, akapitisha, akarudisha, akakosea. Akaanza upya. Kamba ikajivuruga mikononi mwake kama kwamba hajapata kuishika. Watu wakajifanya wanatazama ndizi. Alijaribu tena, akashindwa, akasimama na kamba imening'inia.

Mutalemwa akaipokea kwa mikono miwili. Akachuchumaa, akazungusha kamba kwenye mdomo wa tangi, akaipitisha chini ya yenyewe, akaitoa, akairudisha, taratibu, bila kusita popote. Alipoondoa vidole, pale palikuwa na fundo la mamaye Ta Rwegasira, lilelile, pindo kwa pindo.

Mzee alilitazama, akamtazama. "Umejifunza lini?" akauliza, sauti ndogo.

"Siku ya kwanza ulipolifunga, Ta. Nilikuwa nimesimama hapahapa."